Mbuzi aliyekataa kushikwa

Mbuzi wa kwanza tuliyekutana naye alidaka kifungo cha sweta ya binti yangu, akakivuta mpaka kikang'oka. Hakukimeza. Alikitema palepale kwenye nyasi kavu, akaendelea kumkazia macho kama anayesubiri cha pili. Binti yangu, miaka mitano, ambaye njia nzima alikuwa akituimbia jinsi atakavyomkumbatia mbuzi na kumlaza mapajani, alinirukia kiunoni na kuficha uso shingoni mwangu. "Baba, turudi nyumbani." Tiketi nilikuwa bado nimezishika mkononi.

Tulikuwa wanne: mimi, yeye, mdogo wake wa kiume mwenye miaka miwili na miezi saba, na mama yangu mzazi, ambaye utoto wake wote ulipita nyuma ya kundi la mbuzi. Mama yao alikuwa kazini. Shamba lenyewe, la watoto kutembelea na kugusa wanyama, limejengwa mithili ya kijiji cha kwenye hadithi. Kila zizi ni nyumba ndogo yenye paa la rangi, dirisha na namba mlangoni. Kondoo wana kengele ya kugonga, bata wana daraja lao, na wahudumu wote wamevaa ovaroli na kofia za ukindu. Yanapendeza, na wazazi wengi walikuwa wakipiga picha. Watoto wangu hawakuyatazama mapambo hata kidogo. Walitazama vilivyopumua.

Nilishageuka kuelekea getini mama aliposema, "Usimwondoe na hofu yake. Ataenda kulala nayo." Akachutama mbele ya uzio, akamwita mjukuu wake aje tu kutazama, asiguse. "Huyu akilia, chungulia mdomoni upesi, uniambie meno ya juu yako wapi." Basi tukasubiri mbuzi alie. Alipolia mara ya kwanza, binti yangu alifumba macho. Mara ya pili, alichungulia kidogo. Mara ya nne akapiga kelele: "Bibi, hana! Juu hana meno!"

Ndivyo ilivyo. Mbuzi mzima ana meno manane ya mbele, yote kwenye taya la chini. Juu ana ufizi mgumu tu, na majani huyakata kwa kuyabana kati ya meno na ufizi huo. Magego ya nyuma anayo juu na chini, tena yana nguvu, kwa hiyo vidole havitumbukizwi mdomoni mwake. Chakula huwekwa juu ya kiganja kilichonyooshwa bapa, kidole gumba kikiwa kimebanwa ubavuni. Mama aliufungua mkono wa mtoto kidole kimoja kimoja na kumwekea punje chache. Mbuzi akaja, akazizoa kwa midomo. "Ana midomo laini," binti yangu akanong'ona, kama anayenipa siri.

Alilisha mara tatu. Alipotaka mara ya nne, na safari hii amshike pembe, mbuzi akageuka na kuondoka. Ubavuni mwa zizi kulikuwa na mwanya mwembamba, unaompitisha mbuzi lakini haumpitishi hata mtoto, na nyuma yake uwanja wenye kivuli usiofikiwa na mgeni yeyote. Juu ya mwanya kulikuwa na kibao: "Nikiingia humu nimechoka. Nisubiri nitoke." Nilimsomea. Akauliza atatoka saa ngapi. Nikamwambia ni mbuzi mwenyewe anayejua. Alilia, na kilio kile sikukizima kwa ahadi ya kitu kingine, kwa sababu nilihisi ndicho tulichokuwa tumekifuata bila kujua.

Lazima niseme kwa nini mwanya ule ulinigusa. Mwaka mmoja kabla tulikwenda shamba jingine la aina hii, ambalo silitaji. Vifaranga walikuwa ndani ya boksi lisilo na mahali pa kujificha, na watoto wakipokezana: huyu akichoka anampa yule. Nilimwona kifaranga mmoja amefumba macho, shingo imelegea, bado anapita mkono kwa mkono. Nilimwambia mhudumu, akasema watoto wamelipa. Binti yangu naye alikuwa ameshika mmoja, anafurahi, na mimi nilimpiga picha. Picha ile ninayo. Sipendi kuiangalia, ila sijaifuta.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kuangalia wana wanyama gani, naangalia mnyama anaweza kwenda wapi akichoka kupendwa. Paka rangi nyumba zote utakavyo. Kama sungura hana shimo la kuingilia, watoto wangu hawaingii.

Hapa sungura walikuwa nalo. Na hakuna aliyeruhusiwa kuwanyanyua. Mhudumu alitukalisha wote sakafuni, miguu imenyooshwa, akatawanya majani katikati yetu, akasema tusubiri. Alitueleza kwamba sungura porini hunyanyuliwa na anayemwinda tu, kama mwewe, kwa hiyo akiinuliwa mwili wake unadhani ndiyo mwisho. Akifurukuta kwa miguu ile ya nyuma yenye nguvu anaweza kujivunja uti wa mgongo. Na akitulia tuli mikononi, mara nyingi si utulivu, ni hofu iliyomgandisha. Binti yangu alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa, nyumbani au popote. Sungura mmoja wa kijivu alikuja akanusa soli ya kiatu chake, akakaa hapo. Hakumgusa. Aliniangalia tu, machozi yamemlengalenga, akaniambia kwa midomo bila sauti: amekuja mwenyewe.

Mdogo wake siku hiyo alikuwa na safari yake. Mimi nilikuwa na ramani na saa: trekta la kuzungusha watoto linaondoka saa tano, kulisha wanakondoo saa tano na nusu, kukamua ng'ombe wa plastiki saa sita. Yeye alisimama kwenye zizi la ng'ombe halisi na hakusogea. Nilimvuta mkono mara mbili. Nilimwambia trekta litatuacha. Mama akaniuliza, "Analotazama umeliona?" Sikuwa nimeliona. Nikachutama mpaka macho yangu yakawa usawa wa macho yake.

Ng'ombe alikuwa amelala anacheua. Anatafuna upande kwa upande, taratibu, kisha anameza, na ukitazama shingo yake unaona kitu kinateremka. Kimya kidogo. Halafu tonge jingine linapanda kutoka tumboni kwenda mdomoni, uvimbe unaokimbia juu chini ya ngozi, na taya linaanza tena. "Limepanda!" akasema mwanangu. Kisha, baada ya kutafuna kote kule, "Limeshuka!" Nimekula chakula kwa miaka 36 na nimeona ng'ombe mara nyingi, lakini sikuwahi kuliona tonge likipanda. Mtoto ambaye bado anavaa nepi ndiye aliyenionyesha.

Tulihesabu. Kila tonge lilitafunwa mara hamsini na kitu kabla ya kumezwa. Mama alieleza kwamba ng'ombe anapochunga humeza majani haraka bila kuyasaga vizuri, kisha akipata utulivu ndipo anayarudisha na kuyatafuna upya; tumbo lake lina vyumba vinne, na kazi hii humchukua saa saba au nane kwa siku. "Ng'ombe asiyecheua anaumwa," alisema. "Sisi tulikuwa tukirudi jioni, hilo ndilo la kwanza kutazama." Trekta likapita nyuma yetu likipiga honi, limejaa watoto wanaopunga mikono. Mwanangu hakugeuka. Tulikaa pale karibu dakika 40, na ratiba yangu nikaikunja nikaitia mfukoni.

Wanakondoo kwa hiyo hatukuwalisha. Haikuwa hasara. (Dada yangu mjamzito alitaka kuja nasi na tulimwomba asubiri mpaka ajifungue, kwa sababu ulikuwa msimu wa kondoo kuzaa, maji na damu ya uzazi wao vinaweza kubeba vimelea vya hatari kwa mimba. Bango la kuonya lilikuwepo getini, lakini dogo mno.)

Chumba cha mwisho kilikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, kioo mbele, mayai yamepangwa. Yai la kuku huchukua siku 21, la bata wa kawaida kama 28. Moja lilikuwa limetoboka tundu dogo, na ndani ya tundu ncha ya mdomo ilikuwa ikisogea. Juu ya mdomo ule kuna kidoa kigumu cheupe ambacho kifaranga huotesha kwa kazi hiyo moja tu ya kupasua ganda, kisha siku chache baadaye hudondoka. Binti yangu alibandika paji la uso kwenye kioo. Kifaranga akagonga mara mbili, akapumzika. Akagonga, akapumzika kwa muda mrefu sana.

"Amechoka. Tumsaidie, Baba. Tuvunje kidogo tu."

Mhudumu alikuwa msichana kijana, na alichutama kumjibu, jambo ambalo nilimshukuru moyoni. Alimwambia kwamba kutoka tundu la kwanza mpaka kutoka nje kifaranga anaweza kuchukua hata siku nzima. Akipumzika hajakata tamaa: bado anavuta kiini cha yai kiingie tumboni, ndicho chakula chake cha siku mbili tatu za kwanza, na mishipa ya damu iliyotanda ndani ya ganda bado haijakauka. Ukimvunjia mapema anaweza kutokwa damu. Binti yangu alifikiri. Kisha akasema, "Kwa hiyo na yeye tunamsubiri."

Hatukumwona akitoka. Muda wa kufunga ulifika, kioo kimejaa alama za paji lake la uso.

Kuhusu mikono nitasema moja kwa moja, kwa sababu nawaona wazazi wengi wakilipuuza. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wenye afya njema kabisa wanaweza kuwa na bakteria wa E. koli aina ya O157 kwenye kinyesi, na kinyesi kiko kwenye manyoya, kwenye uzio, kwenye soli za viatu. Mtu mzima anaweza kuharisha tu akapona. Mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kuharibika figo. Mwaka 2009, nchini Uingereza, watu 93 waliugua kutokana na ziara za shamba moja la namna hii, na wengi walikuwa watoto wadogo. Jeli ya mikono haitoshi kwa mkono wenye uchafu. Ni maji yanayotiririka na sabuni, mtu mzima akisimamia, kila mnapotoka kwa wanyama na kabla ya kula chochote, hata biskuti moja. Chuchu bandia ya mdogo wake niliiacha kwenye gari, akalia, nikambeba. Viatu vya wote vilioshwa kabla ya kuingia ndani. Na wiki mbili baada ya ziara, mtoto akiharisha, hasa akitoa damu, mwambie daktari kwamba mlikuwa shambani.

Dukani pale mlangoni tulipita bila kusimama. Kwenye gari wote wawili walilala kabla hatujafika barabara kuu, na mama akawa ameshika kile kifungo, amekiosha kwa sabuni, akitafuta uzi mkobani.

Imepita wiki tatu. Juzi nilikuta boksi kubwa la katoni sebuleni, limetobolewa mlango pembeni, mwembamba, unaopitisha mwili wa mtoto wa miaka mitano na si zaidi. Juu yake kuna karatasi imebandikwa yenye mistari mitatu ya kalamu nyekundu. Hajui kuandika bado, lakini aliponisomea alisema inasema nikiingia humu nimechoka. Mdogo wake, ambaye kawaida humvamia dadake kila dakika na kuvutana naye nywele, alikuwa amekaa sakafuni mbele ya mlango ule, miguu imenyooshwa, kimya. Kwenye kiganja chake, kilichonyooshwa bapa, kidole gumba kimebanwa ubavuni, alikuwa ameweka kipande cha biskuti.