Tell el-Amarna, Chini ya Jua Lenye Mikono

Bei ya gari la kututembeza Tell el-Amarna, magofu ya mji wa kale wa Misri, ilipatanwa ukingo wa magharibi wa Nile, kivukoni upande wa Deir Mawas. Tulipoteremka ng'ambo, kijijini el-Till, ilikuwa imeshapanda kwa nusu. Dereva alieleza kwa utulivu wa mtu aliyezoea kueleza: ile ya mwanzo ilikuwa ya makaburi ya kaskazini tu. Ya kusini ni mbali. Kaburi la mfalme ni mbali zaidi. Hekalu liko njiani, sawa, lakini kusimamisha gari nako kuna thamani yake.

Kwa hiyo anayekwenda Tell el-Amarna ataje kila mahali kwa jina kabla ya kupanda pantoni: makaburi ya kaskazini, makaburi ya kusini, kaburi la mfalme, Jumba la Kaskazini, Hekalu Dogo la Aten, mungu jua. Magofu yametapakaa kwenye uwanda wa jangwa wenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, na kivuli hakuna. Safari ya treni kutoka Cairo naiacha. Viti vilikuwa vibovu, basi.

Mji wenyewe uliitwa Akhetaten. Mfalme Amenhotep wa Nne, mwana wa Amenhotep wa Tatu na malkia Tiye, aliuasisi katika mwaka wa 5 wa utawala wake, katikati ya karne ya 14 kabla ya Kristo, mahali ambapo hapakuwa na hekalu la mungu mwingine yeyote. Wakati huohuo akalitupa jina lenye mungu Amun ndani yake, akajiita Akhenaten. Akachonga mipaka ya mji kwenye majabali ya pande zote mbili za mto, na mawe 16 ya mpaka huo yanajulikana hadi leo. Humo aliapa kwamba yeye, mkewe Nefertiti na binti yao mkubwa Meritaten watazikwa hapahapa, hata wakifia kwingine.

Makaburi ya kaskazini yako juu, na ngazi zake zinakausha koo. Ni sita, ya wakuu wa mfalme, lakini mwenye kaburi humpati kirahisi ukutani. Utamwona mlangoni, mdogo, amenyosha mikono kusali. Kuta zilizobaki ni za familia ya mfalme: inakula, inakunywa, inakwenda hekaluni kwa magari ya farasi, inagawa mikufu ya dhahabu.

Katika kaburi la Huya, msimamizi wa nyumba ya malkia Tiye, mama mkwe amekuja kula. Akhenaten ameshika pande zima la nyama mbele ya mdomo, Nefertiti ana ndege mzima mkononi, Tiye amekaa mkabala nao, na Baketaten, binti mdogo wa kifalme, yuko kando yake. Wafalme wa Misri wa kabla yake hawakuwahi kuchorwa wakitafuna. Hapohapo kuna mchongaji wa malkia, Iuty, ameinama akikamilisha sanamu ya huyo mtoto. Ni mmoja wa mafundi wachache wa Misri ya kale wanaoonekana kazini na jina lao kando, na walinzi humpita bila kumwelekezea mtu tochi.

Mavazi yatazameni kwa karibu, maana mchoro wa vitabuni huyafuta. Mfalme amevaa shuka ya kitani yenye marinda, imefungwa chini ya kitovu ili tumbo limwagike juu yake, na ncha za mshipi zinaning'inia mbele. Nefertiti ana gauni la kitani chepesi mno, limefungwa mara moja chini ya matiti na kuachwa wazi kuanzia hapo, na kichwani ana taji refu la buluu lililokatwa bapa juu, lile la sanamu iliyofukuliwa hapa tarehe 6 Desemba 1912 katika karakana ya mchongaji Thutmose na sasa iko Berlin. Mabinti wamenyolewa, wakaachiwa shungi moja pembeni, na mafuvu yao yamerefushwa kwenda nyuma. Watu huleta habari za ugonjwa. Mimi naona mtindo, kwa sababu wakuu nao walianza kujichora na matumbo na mashavu ya mfalme.

Kaburi linalofuata, la Meryre wa Pili, lina picha ya mwaka wa 12 wa utawala: mabalozi wa Nubia na Shamu wanaleta mali, mfalme na malkia wameketi wakishikana mikono, umbo la malkia limefichwa nyuma ya la mfalme hadi karibu ubaki mstari tu. Nyuma yao wamesimama mabinti wote sita: Meritaten, Meketaten, Ankhesenpaaten, Neferneferuaten mdogo, Neferneferure na Setepenre. Hakuna picha ya baadaye inayowaonyesha wote pamoja.

Juu ya kila tukio liko jua la Aten, duara lenye miali inayoishia kwenye viganja. Fuata vile viganja kimojakimoja. Vingine vinagusa vyakula vya sadaka, lakini vyenye alama ya uhai vinaipeleka kwenye pua mbili tu, ya mfalme na ya malkia. Watumishi, makuhani, askari wanaokimbia mbele ya gari, hakuna anayepewa. Majumbani mwao watu wa Akhetaten walisimamisha vijiwe vyenye picha ya mfalme, mkewe na watoto, wakasali mbele yake. Jua lilikuwa la wote kwa kuchoma, kwa kubariki lilikuwa la nyumba moja.

Hilo la kuchoma nililipata kwenye kaburi la mfalme. Liko ndani ya korongo, mashariki, kilomita kadhaa kutoka uwandani, na tulipofika mlango ulikuwa na kufuli. Tiketi tulikuwa nayo. Mlinzi tuliyepewa alikuwa na funguo, akazijaribu zote, kisha akasema ya mlango huu iko kwa mwenzake, na mwenzake yuko el-Till. Simu haikushika mtandao. Gari likarudi kumfuata, likaondoka na maji yetu ndani. (Chupa ibebeni mkononi. Na tangu mnapokata tiketi, ulizeni kwa sauti nani ana ufunguo wa kaburi la mfalme, naye apande gari lenu.) Korongo lile halina mti. Saa za adhuhuri ukuta wa kusini hautoi kivuli cha kumtosha mbuzi, na jiwe la chokaa linarudisha joto usoni kama mdomo wa tanuri la mkate.

Kuna barua inayozungumzia hali hiyohiyo. Mwaka 1887, kwenye magofu ya ofisi ya mfalme karibu na el-Till, vilifukuliwa vibao vya udongo vyenye maandishi ya Kiakadi; vinavyojulikana leo ni zaidi ya 380. Vingi ni barua za watawala wa nje, na zile za wafalme wakubwa hazikosi malalamiko ya zawadi na dhahabu. Tushratta wa Mitanni alilalamika kwamba aliahidiwa sanamu za dhahabu tupu, akaletewa za mti zilizopakwa dhahabu. Ashur-uballit wa Ashuru aliandika kwamba dhahabu Misri ni kama mavumbi, mtu huiokota tu, sasa kwa nini zawadi ni ndogo? Kisha akauliza kwa nini wajumbe wake wanasimamishwa juani mpaka wafe. Kama kukaa juani kunampa mfalme faida, basi mjumbe na akae, afie hukohuko, lakini faida hiyo lazima iwepo. Haikuwa mzaha, maana mahekalu ya Aten hayakuwa na paa. Hekalu Kuu lilikuwa na mamia ya meza za sadaka, za matofali ya udongo, chini ya mbingu wazi. Anayengoja ufunguo korongoni anamwelewa Ashur-uballit kuliko profesa yeyote.

Ufunguo ulifika, ukadai bakshishi yake. Ndani kuna ujia ulionyooka kwenda chini, ngazi na mteremko. Mwamba ni mbovu, wachongaji waliupaka lipu wakachonga ndani ya lipu, na lipu imebanduka. Tochi yenye mwanga wa ubavuni itaonyesha zaidi kuliko taa ya juu. Katika chumba cha Meketaten mfalme na malkia wanalia, mikono kichwani, mbele ya maiti ya binti yao. Jeneza la mawe la Akhenaten lilipondwa vipande vidogovidogo, baadaye likaungwa Cairo. Kwenye pembe zake nne, mahali ambapo desturi iliwaweka miungu wa kike Isis, Nephthys, Neith na Selket, amesimama Nefertiti mara nne.

Waliojenga haya wamezikwa jangwani, wamekunjwa kwenye mikeka ya vijiti. Timu ya mwanaakiolojia Barry Kemp, aliyeanza kazi hapa mwaka 1977, ilifukua mamia yao. Migongo imeumia kwa mizigo, mifupa ina dalili za njaa, na katika makaburi yaliyo karibu na yale ya wakuu wa kaskazini waliozikwa wengi mno ni wa miaka 7 hadi 25. Akhenaten alikuwa na haraka, ndiyo maana mawe yake yamekatwa madogo, dhiraa moja kwa nusu dhiraa, sentimita 52 kwa 26, ili mtu mmoja abebe moja.

Aliyekulia Lubumbashi hashangai sana. Tulimwona Mobutu akiugeuza mto na nchi kuwa Zaïre mwaka 1971 na Katanga kuwa Shaba, majina ya ubatizo yakapigwa marufuku, tai na suti vikaondolewa tukavishwa abacost, koti lisilo na tai, na msituni Gbadolite yakainuka majumba ambayo waporaji waliyamaliza mwaka 1997. Mwaka huohuo Shaba ikarudi kuwa Katanga. Misri nako ilikuwa hivyo: Tutankhaten akawa Tutankhamun, mkewe Ankhesenpaaten akawa Ankhesenamun, korti ikauhama mji, na orodha za wafalme za baadaye zikamruka Akhenaten kabisa.

Mawe yake mengi hayapo mjini. Vukeni mto kurudi magharibi, mwende el-Ashmunein, Hermopolis ya Wagiriki. Ramses wa Pili aliyatumia kujazia lango la hekalu lake, nyuso za Nefertiti zikielekezwa ndani. Wajerumani waliyatoa kwa mamia kati ya 1929 na 1939. Kinachosimama pale ni nyani wawili wakubwa wa mungu Thoth, wamewekwa na Amenhotep wa Tatu, baba yake. Dereva wa upande huu alitoza kidogo zaidi ya yule wa ng'ambo, na kila nyani alimhesabia bei yake.