Nembo ya kofia ya babu

Katika ukoo wetu hapa Jinja, babu mzaa baba alikuwa askari, na hakuna aliyewahi kulitilia shaka jambo hilo. Tumekulia Walukuba tukisikia kwamba alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kwamba alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia akarudi mzima, akaoa, akazaa. Alifariki mwaka 1984, sisi wajukuu bado hatujapata akili ya kumuuliza chochote. Mgeni akitaka ushahidi alionyeshwa nembo ya kofia iliyotundikwa ndani ya fremu ya kioo, pembeni mwa mlango wa sebule ya bibi.

Ni nembo ya kitambaa kizito cheusi, ina umbo la ngao. Katikati kuna vitu viwili virefu vilivyopishana, vimetariziwa kwa uzi wa fedha ambao sasa umekuwa wa kijivu. Katikati yao, kwa chini, kuna kiduara kidogo cheupe. Juu kabisa kuna herufi mbili, A na R. Baba alituambia zile ni bunduki mbili na risasi, na kwamba K ya mwanzo ilikwisha kwa uzee. Baba hakuwa akitudanganya. Naye ndivyo alivyoambiwa tangu utotoni.

Bibi alifariki mwaka 2016. Baada ya arobaini ukoo ulikaa kugawana vitu vyake: kanga kwa mabinti, msahafu wa zamani kwa baba mdogo ambaye ni imamu, vyombo kwa waliokuwa wakimpikia. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiandika daftari la ukoo, nani kamzaa nani na nani kazikwa wapi, nembo nikapewa mimi. Nilitaka kuandika ukurasa wa babu vizuri: kikosi gani, mwaka gani, vita gani. Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Msahafu ndio uliovuruga kila kitu. Wazee wetu walikuwa wakiandika tarehe za kuzaliwa watoto kwenye karatasi tupu ya mwanzo, kwa herufi za Kiarabu, na baba mdogo alinisomea mstari wa babu: amezaliwa mwezi wa Shaabani, mwaka 1349. Tukapiga hesabu pamoja. Ni mwishoni mwa Desemba 1930 au Januari 1931, majira yale yale ambapo daraja la reli juu ya mto Nile hapa Jinja lilifunguliwa na gari moshi likaanza kuelekea Kampala. Sasa, kikosi cha nne cha Keya, kile cha Uganda, kilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944. Mwaka huo babu alikuwa na miaka 13.

Baba mdogo alifunga msahafu taratibu, akasema, "Labda aliyeandika alikosea." Nilimwelewa. Si rahisi kumvua marehemu heshima mliyomvika maisha yenu yote.

Nikaenda kwa mzee mmoja jirani ambaye alikuwa Keya kweli, aliyekuwepo katika kambi ya Jinja kikosi kilipobadilika kuwa Uganda Rifles mwaka 1962. Alikuwa haoni vizuri tena, kwa hiyo aliishika nembo kwa vidole, akaipapasa mbele na nyuma. "Mwanangu," akaniambia, "yetu ilikuwa ya chuma. Ina pembe ya kupuliza, na nyuma ina vishikizo vya kuingiza kwenye kofia. Hii imeshonwa. Hii ni ya mtu wa michezo, au ya shule."

Mtu wa michezo! Babu ninayemkumbuka mimi alikuwa mzee mwenye goti bovu, anayekaa kwenye mkeka na redio yake.

Mama mdogo ni fundi cherehani, na ameshona sare za nusu ya shule za Walukuba. Nilimpelekea nembo kwake, akaitoa kwenye fremu, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuangalia simu. Kisha akaniita nisogee. Akanionyesha kwamba mahali palipokosa herufi, kitambaa kilikuwa cheusi zaidi kuliko pembeni, kwa sababu uzi ulikuwa umekifunika kisipauke. Akakiinua kuelekea jua. Matundu ya sindano yalionekana yote, madogo, yamepangana: mstari mmoja wa kusimama na mitatu ya kulala. Haikuwa K. Ilikuwa E. Upande wa pili, baada ya R, kulikuwa na matundu mengine ambayo jicho la kawaida lisingeyaona, alama ya "&" na H.

"Na tena," akasema, "huu uzi haukukatika wenyewe. Uzi ukizeeka unachakaa, unatoa nyuzinyuzi. Hapa ncha zote ni kali. Mtu ametumia wembe, na alikuwa na mkono mtulivu, maana hajagusa A."

E.A.R. & H. Mtu yeyote aliyekulia karibu na reli anazijua herufi hizo. Ni East African Railways and Harbours, shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ya Tanganyika. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, H ikaondoka kwenye jina, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, kila nchi ikabaki na reli yake. Kwa hiyo nembo ile ilishonwa kati ya 1948 na 1969. Katika sanduku la bati la bibi nilikuwa nimekwisha kuona pasi ya kusafiria bure ya mfanyakazi, yenye jina la babu na kichwa cha shirika hilo hilo, nikaiweka kando nikidhani ni ya ndugu yake. Babu alikuwa mtu wa reli.

Zikabaki zile bunduki. Kwenye Main Street kuna duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi aliyerudi miaka ya 1990, serikali ilipowaruhusu Waasia waliofukuzwa na Idi Amin kuja kudai nyumba zao. Nilimwendea kwa ajili ya uzi wa fedha tu, nijue ulikuwa ukiuzwa wapi zamani. Aliitupia macho nembo mara moja.

"Bunduki? Dada, bunduki gani imepinda hivi chini? Haya ni magongo. Hoki!"

Akachukua rula yake ya mbao ya kupimia vitambaa, akainama nyuma ya kaunta, akanionyesha mtu anavyolishika gongo: mkono wa kushoto juu, wa kulia chini, na mpira unapigwa kwa upande bapa tu, upande wa mviringo ni kosa. Kisha akanionyesha kwenye nembo jinsi aliyetarizi alivyoutofautisha upande bapa na ule wa mviringo, kwa kuulaza uzi huku na kuuzungusha kule. "Aliyeshona hii," akasema, "ameishi na magongo ndani ya nyumba."

Yeye ndiye aliyeniunganisha na binamu yake kule Toronto, na binamu akaniunganisha na mzee wa Kigoa, mwenye asili ya Goa kule India, aliyekuwa karani wa reli Jinja.

Hapa lazima niseme jambo ambalo linaniuma. Mwaka 1972 Uganda ilipeleka timu ya mpira wa magongo kwenye Olimpiki ya Munich. Sote tunaijua Munich kwa sababu ya John Akii-Bua, dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi, sekunde 47.82, na ni haki yake. Lakini wachezaji wengi wa timu ile ya magongo walikuwa watoto wa Kampala na Jinja wenye asili ya Goa na Punjab, na walipokuwa uwanjani wakiivalia Uganda jezi, tangazo la Idi Amin la tarehe 4 Agosti la kuwafukuza Waasia lilikuwa limekwisha kutoka na siku 90 walizopewa kuondoka zilikuwa zinahesabika. Waliondoka na mchezo wao, na picha zao, na majina ya waliocheza nao. Ndiyo maana nembo ile ilikaa ukutani miaka yote hiyo, katika mji ambao zamani watoto wa shule wangeitambua wakipita njia, na sisi tukaona bunduki.

Mzee wa Kigoa nilimpigia simu jioni ya Jumapili, kwao ikiwa bado asubuhi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha stesheni, cha kuagiza na kutania. Nilipotaja jina la babu alinyamaza, halafu akasema, "Golikipa."

Alinieleza kwamba reli ilikuwa na klabu ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika, kila moja na mlango wake. Wao wa klabu ya Waasia walikuwa wakifanya mazoezi jioni baada ya kazi, na hakuna aliyetaka kusimama golini siku za mazoezi, maana mpira wa magongo ni mgumu na mtu anaumia bure. Babu alikuwa akifanya kazi kwenye bohari la mizigo. Alikuja kutazama, wakamwomba asimame. Akasimama. Akawa anasimama kila jioni, na siku za mechi anakaa nje na watazamaji, kwa sababu jina lake halikuruhusiwa kwenye orodha. "Tulijua si sawa," mzee aliniambia. "Tulikuwa vijana, tukaliacha." Karibu na uhuru milango ilipofunguliwa, jina liliandikwa, na mama yake huyo mzee, ambaye ndiye aliyekuwa akitarizi nembo za timu nzima nyumbani kwake, akamshonea ya kwake. Lile goti bovu lilitokana na mpira wa adhabu, katika mechi dhidi ya timu ya Tororo.

Wiki ile ile mjukuu wake akanitumia picha kwenye WhatsApp. Wanaume wamesimama mbele ya jengo la stesheni, magongo yameegeshwa miguuni, na mwisho wa mstari yupo babu, mwembamba, na pedi za golikipa zimemfika mapajani. Kofia ameivaa imenyooka kabisa. Nimeikuza picha hadi ikavunjika vumbi. Nembo inaonekana, na herufi zake zote zipo.

Nilimpelekea picha shangazi mkubwa, mtoto wa kwanza wa babu, aliyekuwa binti wa miaka 20 wakati Wahindi wanafukuzwa. Nilijua sasa kwamba kuna mtu alishika wembe, na nilihisi kwamba yeye ndiye anayejua. Aliitazama picha, akawataja watu watatu kwa majina kabla sijamuuliza lolote. Kisha akasema, "Mama alikataza tusiseme. Lakini mama hayupo."

Familia ya yule karani ilipoondoka, waliacha sanduku kwa babu: picha, sahani za harusi, sanamu ya Bikira Maria. Vitu ambavyo havikuwa na bei kwa mtu mwingine yeyote. Lakini siku zile nyumba zilikuwa zikipekuliwa na watu wenye bunduki wakitafuta mali ya Wahindi, na kukutwa na sanduku la Mgoa chini ya kitanda kungetosha kumpoteza mtu. Babu alikataa kulitupa. Bibi hakubishana naye. Usiku mmoja alikaa na taa ya mafuta na wembe, akaitoa E, akaitoa ile H, akaiweka nembo kwenye fremu na kuitundika pale ambapo mtu anayeingia lazima aione kwanza.

Walikuja. Shangazi alikuwepo, amesimama jikoni. Mkubwa wao akaitazama fremu, akauliza, "Mzee alikuwa Keya?"

Bibi akamjibu, "Si unaiona mwenyewe?"

Wakaondoka bila kuingia chumbani. Tangu siku hiyo babu akawa askari, kwanza kwa majirani, kisha kwa watoto wake wadogo, baba yangu akiwa mmojawapo, kwa sababu siri isingekaa kinywani mwa mtoto. Sanduku lilikaa chini ya kitanda hadi padri mmoja alipokuja kulichukua, vita vya 1979 vilivyomwondoa Amin vilipokwisha, akalituma kwa wenyewe. Nilipompigia tena mzee wa Toronto nikamuuliza ile picha aliipata wapi. Ilitoka ndani ya sanduku hilo.

Baba alihitaji muda. Alisema kwamba maisha yake yote amejitambulisha kama mtoto wa Keya, na hataki kuanza upya uzeeni. Sikumlazimisha. Baadaye aliniomba nimchapishie picha kubwa, na ipo chumbani kwake, si sebuleni. Mama mdogo alijitolea kuirudisha E kwa uzi wa fedha ambao mwenye duka alikuwa radhi kumtafutia. Matundu yapo, ingekuwa kazi ya saa moja. Shangazi mkubwa alikataa katakata. Alichokitoa mama yake, alisema, hakuna wa kukirudisha.

Kwenye daftari la ukoo, ukurasa wa babu sasa unasema: mfanyakazi wa reli, bohari la mizigo, Jinja, golikipa wa timu ya magongo. Ukurasa wa bibi nao, ambao hapo awali ulikuwa na tarehe ya ndoa na majina ya watoto tu, umejaa hadi nyuma.