Kandambili Lililomvuka Mguuni

Ilikuwa Julai, ukungu umelala Isyonje, huku Mbeya, mpaka saa nne asubuhi. Baba mmoja mpakiaji wa viazi aliletwa kwenye kliniki yetu ya mazoezi tiba. Kabla hajafika kitandani, kandambili la kushoto lilimvuka mguuni, naye akaendelea kutembea peku bila kujua. Mkewe ndiye aliyeliokota.

Siku tisa nyuma alikuwa ameinamia lumbesa, gunia lililoongezewa kichwa na kushonwa kwa kamba, zito kupita kilo 100, akalipindua kuelekea kwenye Fuso. Kuinama huku umejipinda na mzigo mkononi ni hatari kwa diski, ule mto laini ulio kati ya pingili za mgongo: ganda lake likichanika, ute wa ndani hutokea kwa nyuma na kubana mzizi wa neva.

"Dokta, hizi ni figo," alisema, akishika paja. Ndivyo alivyoambiwa duka la dawa, akachomwa na sindano ya takoni upande uleule unaouma. Maumivu ya figo hukaa ubavuni, chini ya mbavu. Hayashuki mpaka unyayoni. Na sindano ya takoni ikichomwa pasipostahili huweza kuijeruhi neva yenyewe.

Alilala chali, nikaunyanyua mguu ukiwa umenyooka. Haujafika nyuzi 40, akashika ukingo wa kitanda: kitu kama umeme kimetoka takoni, kikapita nje ya kigimbi hadi mgongo wa unyayo. Nikamwomba avute kidole gumba cha mguu kuelekea kwake huku nakizuia kwa kidole changu kimoja. Kikashindwa. Lakini kusimama kwa ncha za vidole aliweza, na kano ya kisigino nilipoigonga, unyayo uliruka vizuri. Basi ulikuwa mzizi wa tano wa kiunoni, ambao mara nyingi hubanwa na diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano.

Mkewe akatoka nje kidogo, nikauliza yale ambayo wanaume huyaficha: mkojo unatoka vizuri? Haja kubwa unaizuia? Kuna ganzi pale panapokaa kwenye tandiko la baiskeli? Jibu baya hata moja, au mguu kuzidi kulegea, ni kwenda hospitali ya rufaa siku hiyohiyo. Nikauliza pia homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, maana kifua kikuu hula pingili. Hakuna.

Alitaka alale wiki mbili. Nilikataa, kulala sana hukaza mgongo na kulegeza misuli. Atembee dakika 10 mara tatu kwa siku, barabara tambarare. Kila saa mbili au tatu alale kifudifudi, kisha ainue kifua kwa mikono mara 10, kiuno kikibaki chini. Maumivu yakipanda kutoka kigimbini kurudi kiunoni, aendelee, hata kiuno kikiuma zaidi. Yakishuka kuelekea unyayoni, aache. Hakuwa na vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo, kwa hiyo ibuprofeni miligramu 400 mara tatu baada ya chakula, kwa siku tano.

Wiki ya tatu maumivu yalikuwa yamebaki takoni. Wiki ya saba nilikizuia tena kidole gumba. Kilinisukuma.