Runinga Haitembei, Kwa Nini Isipewe Waya?

Runinga janja ikishawekwa ukutani au juu ya kabati hukaa hapo kwa miaka, tofauti na simu na kompyuta mpakato ambazo hubebwa kutoka chumba hadi chumba. Hata hivyo, katika sebule nyingi ninazoingia huikuta imeunganishwa na intaneti kwa Wi-Fi, wakati ruta, yaani kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, iko hatua chache tu kutoka ilipo, na tundu la waya wa mtandao lililoko mgongoni mwa runinga halijaguswa tangu siku ilipotolewa kwenye boksi. Mimi ni mtetezi wa waya, na ningependa kueleza sababu zangu kabla ya kuzungumzia Wi-Fi, ambayo wengi wetu tutaendelea kuitumia.

Waya unaohitajika ni wa kawaida kabisa. Ule wa aina ya Cat5e unatosha, unaweza kufika mita 100 bila shida, na maduka ya vifaa vya kompyuta huukata kwa mita na kuubana vichwa papo hapo. Ncha moja huingia kwenye ruta na nyingine kwenye runinga, na kwa kawaida runinga hujitambulisha yenyewe bila kuulizwa nenosiri. Jambo linalowachanganya watu ni kwamba runinga nyingi, hata za bei kubwa, zina tundu lenye kikomo cha megabiti 100 kwa sekunde, hivyo anayepima kasi huenda akaona Wi-Fi ikiushinda waya na akauchomoa kwa hasira. Netflix wenyewe hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p (HD kamili) na 15 kwa picha ya 4K iliyo kali zaidi, kwa hiyo 100 ni nyingi kuliko runinga itakavyohitaji. Kinachoifanya picha igandegande ni kasi inayopanda na kushuka kila dakika, na kuyumba huko ndiko waya unakokuondoa.

Mahali pamoja ambapo ningekataza waya wa shaba ni pale unapotoka nyumba kubwa kwenda nyumba ya uani ukining'inia hewani, kwa sababu radi ikipiga karibu wakati wa masika, umeme wake waweza kuufuata waya huo na kuunguza ruta na runinga kwa pamoja.

Kwa wanaobaki na Wi-Fi, uamuzi mkubwa ni wa masafa, yaani aina ya mawimbi. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya namna mbili. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini yamejaa fujo za ruta za majirani, vifaa vya Bluetooth na hata oveni ya maikrowevu, na katika ukanda huo kuna chaneli (njia za mawimbi) tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Ya gigahezi 5 yana nafasi na kasi zaidi, ila hudhoofika haraka yanapokutana na ukuta. Anayeishi katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, asitarajie mawimbi ya 5 yavuke vyumba viwili. Ruta ikiwa sebuleni pamoja na runinga, chagua 5. Zikitenganishwa na kuta, chagua 2.4, kisha itoe ruta nyuma ya runinga au ndani ya kabati na uiweke juu, mahali pa wazi.

Runinga za bei nafuu mara nyingi hazina uwezo wa kupokea gigahezi 5, na ndiyo maana mtandao unaoonekana kwenye simu haumo katika orodha ya runinga. Ni vivyo hivyo kwa intaneti ya kugawa kutoka kwenye simu: simu ikiwa imepangwa kurusha masafa ya 5, runinga hiyo haitaiona hadi uibadilishe irushe 2.4. Runinga ya zamani pia huweza kukataa nenosiri sahihi ikiwa ruta imefungwa kwenye WPA3 peke yake, yaani aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi. Iruhusu ruta ipokee WPA2, ile ya zamani, pia.

Kuna hitilafu moja inayowapeleka watu kwa fundi bure. Runinga inaonyesha imeunganishwa na mawimbi yamejaa, lakini hakuna programu inayofunguka. Tazama tarehe na saa yake. Huduma za mtandaoni huthibitishwa kwa vyeti vya usalama vyenye siku ya kuanza na siku ya kwisha, na runinga iliyopoteza saa baada ya umeme kukatika, ikajiona iko mwaka 2015, huvikataa vyeti hivyo kwa kuwa kwake bado havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe kwa mkono, kisha uizime na kuiwasha.

Baada ya kuunganishwa, runinga huleta kurasa za masharti ambazo wengi huzipita kwa kubonyeza rimoti mfululizo. Zisome angalau zile zinazohusu kufuatilia unachotazama. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza madai kwamba ilikusanya taarifa za utazamaji kutoka runinga milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe. Kipengele hicho cha kufuatilia unaweza kukikataa na runinga ikaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Wanaotumia bando la simu wana hesabu nyingine. Netflix hula hadi GB 3 kwa saa katika picha ya HD na hadi GB 7 katika 4K, na mpangilio wa kupunguza matumizi hayo hufanywa kwenye akaunti kupitia kivinjari cha simu au kompyuta, katika sehemu ya wasifu wa mtazamaji. Ukichagua kiwango cha chini, matumizi hushuka hadi karibu GB 0.3 kwa saa.