Kabla hujapanda mawe ya Mwanza, angalia yamekalia nini

Wageni wakipanda vilima vya Mwanza hukodolea macho juu, kule jiwe kubwa kama nyumba lilikokaa juu ya mwenzake. Mimi nashauri uanzie chini, kwenye udongo na mizizi, na uangalie nani amekata nini kwa ajili ya jiko.

Mawe haya ni granaiti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na hakuna aliyeyapandisha kule. Mwamba ulikuwa mmoja chini ya ardhi, wenye nyufa zilizokatizana. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakaozesha kingo zikawa changarawe na udongo, kisha mvua za zama nyingi zikauosha. Yaliyobaki ni mabonge ya katikati, mviringo, mengi yao yakiwa palepale yalipoanzia. Ila udongo haukuondoka wote. Sehemu nyingi bado umebana chini ya jiwe kama ngata chini ya mtungi, nao unashikwa na mizizi ya mikuyu na vichaka.

Anza kupanda saa 12:30 asubuhi, maana ikifika saa 5 mwamba unachoma kiganja. Beba maji lita 2 kwa kila mtu hata kama kilima ni kifupi. Raba ya soli laini hushika granaiti kavu vizuri kuliko buti gumu. Jifunze pia kusoma michirizi. Mweusi ni njia ya maji: ukikauka hauna shida, ukilowa unateleza kama sabuni. Mweupe ni mkojo wa pimbi, kwa hiyo kuna mwanya karibu, na kwenye mwanya anaweza kuwamo nyoka au nyuki. Usiingize mkono usipoona. Mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu anayeota jua juu ya jiwe hana neno, mwache.

Ukifika kwenye bamba la jiwe, ligonge kwa kokoto kabla ya kulikanyaga. Likilia "ko", limeshikana na mwamba. Likilia kama debe tupu, limeshabanduka na kuna uwazi chini yake; zunguka. Jua la mchana na baridi ya usiku hubandua mwamba taratibu namna hiyo. Wapasua mawe hupata matokeo yaleyale haraka kwa kuwasha moto juu ya jiwe, kwa hiyo ukiona mwamba wenye masizi, chukulia kila bamba la hapo kuwa bovu.

Sasa mkaa. Tanuri la kienyeji linataka vitu viwili, kuni na udongo wa kulifunika, kwa sababu tundu moja likiachwa wazi hewa huingia na kuni zote huwa majivu. Kwenye kilima cha mawe udongo wa kutosha uko wapi? Nyuma na chini ya mawe. Mchoma mkaa akichimba hapo anaondoa mti na udongo uliolibeba jiwe kwa siku moja. Na anahitaji kuni nyingi: kilo 100 hutoa mkaa kilo 10 hadi 20 tu, yaani gunia la kilo 50 linakula kuni kilo 250 mpaka 500.

Hatari haiji siku hiyo. Kisiki kilichokufa huendelea kushika udongo mpaka mizizi ioze, halafu mvua za masika huupitisha udongo kwenye mifereji midogo. Kwa hiyo tafuta duara la udongo mweusi lenye vipande vya mkaa, kisha angalia upande wa chini wa jiwe lililo karibu. Changarawe mbichi iliyomwagika, au mizizi inayoning'inia hewani, maana yake usipumzike chini ya jiwe hilo wala usilipande. Mwarifu mwenyekiti wa mtaa, hasa kama kuna nyumba chini yake.

Kumlaumu mchoma mkaa peke yake ni rahisi mno. Mteja yuko mjini, anachemsha maharage. Serikali ilizitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia Januari 31, 2024, na lengo la taifa ni asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni sawa, lakini mkaa hununuliwa kwa kopo, na mtungi wa gesi kwa wengi hujazwa kwa mkupuo.

Ukitembea Kagera au Geita utakuta kovu la aina nyingine: ukanda wa mita 30 wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Mafuta yale huganda yakipoa, ndiyo maana bomba hupashwa moto. Miti mikubwa hairudi juu yake. Usifuate ukanda huo kama njia ya mkato, hata ukionekana mweupe na rahisi.

Msitu wa miguuni mwa vilima unaweza kurudi bila kupanda mche hata mmoja. Wasukuma wana ngitili, eneo linalofungwa kwa msimu ili majani yapone, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 uliutumia utaratibu huohuo kurudisha miti. Visiki vilivyo hai huchipua vyenyewe vikiachwa na mbuzi na shoka.

Kushuka, kwepa michirizi myeusi na vijito vikavu, kwani changarawe yake huviringika chini ya soli. Na miguu usiioshee ziwani pale penye magugu, kuna kichocho. Subiri bomba la nyumbani.