Suti ya Barafu ya Brazili: Siku Moja Maishani Mwangu

Saa 11 alfajiri

Julai ya Moshi haina utani. Anayetujua kwa joto la Februari aje sasa: mlima umejifunika wingu siku ya tatu na maji ya bomba yanauma vidole. Nawasha jiko mapema kwa sababu mkaa wangu una kazi mbili, kwanza chai, kisha pasi. Pasi yenyewe ni ile ya chuma yenye jogoo mlangoni. Ya umeme ninayo, shemeji alituzawadia, imelala kabatini ndani ya boksi lake. Jirani anasema ni maringo. Mimi namwambia ni uzito. Ukilitandikia koti la sufu kitambaa kibichi juu, ukalikandamiza taratibu kwa chuma kizito, linakaa unavyotaka likae, na wiki nzima halisahau.

Ndevu nanyoa kwa wembe wa kawaida kwenye kishikio alichoacha marehemu baba, povu nalipiga kwa brashi ndani ya kikombe. Halafu shati jeupe, suruali ya marinda mawili, kizibao, kofia ya pama. Watoto wa mtaani kwetu Pasua wananiita "mzungu wa zamani", na hapo ndipo wanaponikosea. Mavazi haya sikuyaona kwa mzungu yeyote. Niliyaona Jumapili kule kwa bibi, Old Moshi, wazee wakiteremka kutoka ibadani: koti, pama, fimbo, viatu vinang'aa kwa Kiwi wakati njia nzima ni tope. Mpaka leo sijui walikuwa wanakanyaga wapi.

Saa 1 asubuhi

Kabla ya kufungua kazi yangu ya ufundi cherehani napitisha baiskeli yangu ya Phoenix Soko la Memorial, maana belo la mitumba likishafunguliwa hakuna kuwekeana. Msimu huu wa watalii yanayogombaniwa ni majaketi ya kupandia mlima. Wagumu, wale wapagazi wa mlimani, wanayanunua hata kabla hayajakung'utwa vumbi. Makoti ya sufu yanabaki chini ya meza, mazito, yana harufu ya kabati la marehemu. Hiyo ndiyo harufu yangu.

Nina kipimo kimoja cha haraka. Nabana koti kifuani, chini kidogo ya tundu la kifungo, kitambaa cha nje kidole hiki na cha ndani kidole kile, kisha navitenganisha. Nikisikia katikati kuna tabaka la tatu linaloelea peke yake, hiyo ni kanvasi iliyoshonwa, na kwenye makoti mazuri huwa imefumwa na singa za farasi. Nisiposikia kitu, kifua kimebandikwa kwa gundi ya moto, mtindo ulioenea viwandani miaka ya 1960 na 1970. Koti la gundi ukilifua kwa Omo na kulianika juani, siku moja linaota malengelenge kifuani kama limeungua, na mimi dawa yake sina. Wateja huniletea. Nawapa pole na kiti.

Leo chini ya rundo nimeona lebo ya tufe lenye msalaba juu. Harris Tweed! Kwa sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1993, kitambaa hakiitwi jina hilo mpaka kiwe kimefumwa kwa mkono nyumbani kwa mfumaji, katika visiwa vya Outer Hebrides huko Uskoti. Mfumaji anaendesha mtambo wake kwa kukanyaga, bila umeme, kama mimi na cherehani yangu. Nikavaa uso wa mtu anayetafuta tambara la kupigia deki. Muuzaji akasema buku kumi. Nikasema tano, lina tundu la nondo kwenye kiwiko. Tukamalizana kwa saba. Nikalijaribu pale pale: mikono imeishia kwenye kifundo cha mkono, sawasawa, na mimi nina mikono mifupi, makoti ya watu hunimeza vidole. Nikalisokomeza chini kabisa ya begi, juu yake nikaweka nyuzi.

Saa 3

Sare za shule. Kaptura nane za kaki, sketi tano za bluu, zipu mbili, na suruali ya kijana wa bodaboda iliyopasuka pale zinapopasukia. Hizi ndizo zinazolipa kodi ya baraza, sina la kuongeza.

Cherehani ni Singer nyeusi ya miguu, ya babu. Namba yake inaanza na herufi mbili, ya kwanza E, maana yake ilitoka kiwanda cha Clydebank, Uskoti. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980. Cherehani haina habari.

Saa 4 na nusu

"Hodi, fundi."

"Karibu, Meku. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee wa Kibosho, miaka sabini na kitu, pama ya kijivu kichwani. Akafungua mfuko wa salfeti akatoa suti ya kahawia, kola pana kama masikio ya tembo, suruali bugaluu. Mifukoni kulikuwa na karafuu za kufukuzia nondo. Nikabana kifua. Kanvasi.

"Hii," akasema, "ni suti ya barafu ya Brazili."

Nikamsogezea kiti. Julai 1975, barafu iliunguza mibuni kwa mamilioni kule Paraná, Brazili, na miaka miwili iliyofuata bei ya kahawa duniani ikapaa. "Wenzetu walilia, sisi tukaoa," akasema mzee. Desemba 1976 akapanda basi mpaka Nairobi kufuata kitambaa. Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa. "Ningechelewa miezi miwili ningefunga ndoa na kaunda suti." Fundi Mhindi wa hapa hapa mjini akaishona, wakapelekana kanisani.

Sasa mjukuu wake anapata kipaimara mwezi ujao. Mama wa mtoto anataka suti mpya, ile ya kung'aa. Mzee amekataa. "Wewe ipunguze tu. Lakini kola usiiguse."

Sikuwa na nia ya kuigusa.

Saa 7 mchana

Umeme umekatika, baraza zima kimya, nasikika mimi tu. Mtori kwa mama ntilie, bakuli mbili.

Saa 8

Nimefunga sare pembeni na kuanza kulifumua koti. Hii ndiyo saa ninayoisubiri, na ningekuwa na uwezo ningeifanya kazi ya siku nzima. Unakata uzi mmoja mmoja kwa wembe, polepole, bitana inaachia, na ndani unakutana na fundi mwenyewe: mishono yake ya mkono, chaki yake ambayo haijafutika, mahali alipokosea akarudia.

Kisha nikaona akiba. Mgongoni ameacha inchi moja na nusu kila upande. Ubavuni inchi. Mikononi mbili nzima, zimekunjwa ndani. Suti za dukani siku hizi zinaacha nusu inchi, nyingine hata hiyo hakuna. Ukinenepa, unanunua nyingine. Fundi yule alishona koti akijua litafunguliwa tena, labda na mtu ambaye bado hajazaliwa. Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Na lilishafunguliwa. Kwenye mshono wa mgongo nilihesabu mistari mitatu ya matundu madogo ya sindano. Mmoja wa bwana harusi mwembamba. Wa pili umetoka nje karibu na ukingo, hapo kitambi. Wa tatu umerudi ndani ghafla, ndani kuliko hata ule wa harusi.

Saa 10

Mzee amerudi na mjukuu, bado ana sare ya shule, miaka kumi na minne, amechukia.

"Meku," nikauliza nikiwa naweka pini, "uliwahi kuumwa sana?"

Akanitazama. "Nani kakwambia?"

"Koti."

Akanyamaza kidogo, akavua pama, akairudisha. "Mwaka mzima," akasema. "Mke wangu ndiye alilipeleka kupunguzwa. Alisema kama ni kufa nife nimevaa vizuri."

Kijana akacheka, chuki ikapungua. Mabega yalikuwa yanamzidi kidole kimoja kila upande, na bega ndiyo kazi ngumu kuliko zote: lazima mkono utolewe wote, bega lipunguzwe, mkono urudishwe bila kukunjamana. Kazi ya siku mbili. Urefu wa koti sikugusa, ukilikata chini mifuko inaonekana imeanguka.

Mgogoro ulikuja kwenye suruali. Kijana anataka modo, mguuni inchi kumi na mbili mzunguko mzima.

"Mwaka 1969 ungekamatwa," babu yake akamwambia. Mtoto akadhani ni utani. Nikamthibitishia: Operesheni Vijana ya TANU ilianza Januari 1969, na suruali za kubana zilipigwa marufuku pamoja na sketi fupi na mawigi. Akamwangalia babu yake kama anamwona mara ya kwanza. Akauliza kama alikuwa nayo. Mzee akatazama barabarani.

Tumekubaliana inchi kumi na tano. Kitambaa kinachozidi sikikati, nakilaza ndani, kwenye mabega, mgongoni, hata mguuni.

"Mbona unaacha hicho chote?" kijana akauliza.

"Wewe si unakula?"

Nikaandika kwenye kaunta buku: mikono, akiba inchi mbili na nusu. Fundi wa mwaka 1977 nimemzidi nusu inchi.

Saa 12 jioni

Muuza kahawa amepita na birika lake, kikombe kimoja na kashata. Wachagga tunalima kahawa na kunywa chai. Hapa barazani mnywaji wa kahawa chungu ni mimi na mzee mmoja wa Kipare. Mlima umejifunua dakika tano, Kibo nyeupe, umejifunika tena. Nikatandika shuka juu ya suti ya mzee na kufunga.

Saa 2 usiku

Nimeingia kwa mlango wa uani, begi begani upande wa ukutani. Mke wangu alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata uso.

"Hilo la ngapi?"

"Lipi? Ni la mteja."

Akanawa mikono, akalitoa, nyuzi zikamwagika. Akalinyoosha kwenye taa, akaligeuza, akapima mkono wa koti kwa shibiri yake mara mbili.

"Mteja gani huyo, mwenye mikono mifupi kama yako?"