Rupia mia tano za Ahmedabad

Ilikuwa siku ya nne tangu Mzee abadilishiwe goti huku Ahmedabad, jimbo la Gujarat, India. "Toka ukaone mji," akaniambia, "umeganda humu utadhani mgonjwa ni wewe." Fedha za hospitali nilishazitenga. Za kutembelea zilikuwa rupia mia tano, basi.

Niliondoka asubuhi, kabla jua la Aprili halijakasirika. Basi la jiji likanishusha karibu na ashram ya Gandhi, makazi aliyoishi na wafuasi wake, ukingoni mwa mto Sabarmati. Kuingia bure. Nyumba aliyoishi ni ndogo, baraza lake pana, na kindi wanakimbizana uani kama wenye mji. Hapo ndipo alipoanzia safari ya miguu tarehe 12 Machi 1930, akaenda hadi Dandi, baharini, kuokota chumvi ili kuvunja sheria ya Waingereza.

Kutoka hapo nikadandia bajaji. "Msikiti wa Sidi Saiyyed," nikamwambia dereva. Tukaenda, tukaenda, nikaona tunakaribia stesheni ya treni. Akasimama mbele ya minara miwili mirefu. "Sidi," akanionyesha kwa fahari, "Sidi Bashir." Kumbe Sidi wako wawili! Rupia mia na kumi zikaniuma, lakini minara ni ya ajabu. Msikiti wenyewe haupo tena, imebaki hiyo tu, na inasemekana ukiutikisa mmoja wa pili nao unatetema. Kupanda ni marufuku siku hizi, kwa hiyo nimeamini bila kuona.

Nikaapa sipandi tena bajaji. Mji mkongwe, ulioanzishwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411, unatembeleka kwa miguu. Mitaa yake wanaiita *pol*: vichochoro vyenye lango, nyumba za mbao zilizonakshiwa, na juu ya nguzo vibanda vya kulishia ndege. Mtu aliyekulia Unguja hapotei humo. Akipotea, anapotea kwa namna anayoijua. Milango mingine niliisimamia muda mrefu hadi bibi mmoja akatoka kuniuliza kwa Kigujarati, nadhani, kama nataka kununua.

Katika Msikiti wa Ijumaa, wa mwaka 1424, unavua viatu langoni, na ua ni wa mawe matupu. Saa saba mchana! Nikavuka nikirukaruka kama anayekanyaga makaa, hadi kwenye kivuli cha nguzo 260. Minara yake ilibomolewa na matetemeko, la kwanza mwaka 1819.

Msikiti wa Sidi Saiyyed nilioutafuta tangu asubuhi niliufikia alasiri, umezingirwa na honi pande zote. Ni mdogo sana. Mjengaji wake, miaka ya 1570, alikuwa Mhabeshi aliyetumikia wakubwa wa Gujarat. Huku watu wenye asili ya Afrika ndio wanaoitwa Masidi hadi leo. Niliketi chini nikaangalia dirisha la nyuma. Ni jiwe, lakini limetobolewa likawa mti: shina jembamba, matawi yanajisokota yakipitana juu na chini kama ukili, na katikati yake mtende umesimama wima. Jua lilipoteremka nyuma yake, jiwe likapotea, ukabaki mti wa mwanga. Dirisha la katikati limezibwa kwa mawe, halina nakshi. Hilo nalo nililitazama sana.

Magharibi nikarudi Manek Chowk, uwanja wa soko wa mji mkongwe. Mchana nilikuta wauza dhahabu na fedha. Sasa maduka yao yamefungwa na mbele yake yamejaa meza, moshi na siagi. Nikala dosa, ile chapati nyembamba ya mchele na dengu, nikanywa chai, nikabakiwa na ya basi na pakiti moja ya chevdo, vitafunio vikavu vya viungo, kwa ajili ya Mzee.

Akaionja, akatafuna polepole, akaisogeza kando.

"Wewe," akasema, "si useme tu ulikwenda kwa Wahindi wa Kisutu, Dar?"